Kadi ya Bega

Mkono wa chuma ulipompiga kiongozi wa wapakiaji, mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kabati la umeme nikitafuta bisibisi iliyoniponyoka. Nilisikia kishindo kama gunia la viazi limedondoka kutoka juu ya lori. Kisha watu wakapiga kelele kwa pamoja, na nikajua kuwa halikuwa gunia.

Kiwanda chetu kilikuwa cha sabuni, kando ya ziwa, kwenye barabara itokayo Gisenyi mjini kwenda Nyamyumba. Upande mmoja kulikuwa na matangi ya kuchemshia mawese yaliyotoka Kongo, katikati mashine za kukata miche, na mwisho, karibu na mlango wa malori, ndipo uliposimama mkono wa chuma. Mwenye kiwanda aliununua Ulaya ukiwa umekwisha kutumika miaka mingi katika kiwanda cha magari. Ulikuwa mrefu kuliko mtu yeyote pale, rangi yake ya chungwa imebabuka, una bega, kiwiko na kifundo kama mkono wa binadamu, na kila kiungo kina mota yake. Kazi yake ilikuwa kuokota katoni za sabuni kwenye mkanda unaotembea na kuzipanga juu ya paleti za mbao. Wapakiaji waliuita Muzungu. Walisema hauchoki na hausalimii mutu.

Mimi ndiye nilikuwa fundi umeme. Nilizaliwa Tanzania, mkoa wa Kagera, katika familia ya wakimbizi. Nilisoma ufundi Dar es Salaam, kisha baada ya vita nikaingia na wazazi wangu katika nchi yetu ambayo nilikuwa sijawahi kuiona. Kiswahili changu kiliwachekesha watu wa kiwandani. "Dada anaongea kama redio," walisema. Mtaalamu aliyekuja kuufunga mkono ule alinifundisha kwa miezi michache, kisha magari yalipoanza kuchomwa kwenye barabara ya Ruhengeri akaondoka, na hakuonekana tena. Aliniachia mkono pamoja na vitabu vya Kijerumani ambavyo niliweza kusoma michoro yake tu.

Ilikuwa miaka ya wacengezi. Ndivyo tulivyowaita wapiganaji wa serikali iliyoangushwa, waliokuwa wakirudi kutoka Kongo kwa kujipenyeza milimani. Waliua watu majumbani na ndani ya mabasi. Jeshi likawafuata vijijini, na huko nako watu wakafa ambao hawakuwa na bunduki. Asubuhi nyingine milio ya risasi ilisikika upande wa Mudende kabla mwadhini hajamaliza. Tulikwenda kazini kwa lori, askari mbele na askari nyuma, na mtu akikosekana kwenye lori hatukuuliza kwa sauti.

Aliyekuwa akiuendesha mkono alikuwa mwanamume wa Nyundo, mpole, baba wa binti mmoja, aliyezoea kuvaa shati lililopigwa pasi hata katikati ya vumbi la sabuni. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi ile. Kaka yake alikimbilia Kongo mwaka ule wa maangamizi na hakurudi. Kila mtu kiwandani alilijua hilo, na hakuna aliyelitaja mbele yake.

Naye aliyepigwa alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, wa moja ya familia za kibiashara za zamani. Wakati wa mauaji alificha watu darini kwake. Alilisimulia jambo hilo kama mzaha: jinsi mke wake alivyokuwa akinung'unika kwamba wageni wa juu wanakohoa vibaya, na kwamba mmoja wao anakoroma kama boti. Yule aliyekoroma alikuwa sasa mpakiaji wake. Alikuwa jitu la mtu, mpole mbele ya bosi wake, na mzaha ule uliporudiwa alicheka kabla ya wengine wote.

Asubuhi ile katoni moja ilianguka kutoka kwenye mkanda ikapasukia ndani ya uzio wa wavu uliouzunguka mkono. Mwendeshaji akausimamisha mkono kwa kile kisanduku cha vitufe tulichokishika mkononi, akasema, "Bon, ingia." Kiongozi wa wapakiaji akafungua mlango wa uzio, akainama kuokota miche. Mkono ulikuwa umetulia juu yake. Kisha ukashuka.

Nilipotoka nyuma ya kabati, ulikuwa umembana kati ya kiwiko chake na paleti. Mwendeshaji alikuwa ameshabonyeza kitufe chekundu na umeme umekatika, lakini breki za mkono zilikuwa zimekamata na ulibaki umemlalia. Ilibidi tuzifungue breki kwa nguvu ili tumtoe. Sitaeleza alivyokuwa. Nitasema tu kwamba miche ya sabuni iliyokuwa sakafuni ilikuwa myeupe, na baada ya muda haikuwa myeupe tena, na mtu mmoja akaanza kuiokota na kuipangusa kwenye suruali yake kana kwamba hilo ndilo lililohitaji kufanywa.

Mwendeshaji alisimama palepale, kisanduku mkononi.

"Mi sikugusa kitu," alisema. "Dada, mi sikugusa."

Jitu lile lililofichwa darini ndilo lililomfikia kwanza. Lilimpiga ngumi moja ya uso, akaanguka chali. Kisha wapakiaji wote wakawa juu yake. Waling'oa mbao za paleti, zenye misumari, wakampiga nazo. Mtu alikuwa akipiga kelele, "Ndugu yake iko msituni! Wamemutuma!" Nilimvuta mmoja kwa shati, akanisukuma bila hata kunitazama nikaangukia mkanda. Wala hawakuwa watu wabaya. Siku iliyotangulia walikuwa wamekula naye maharage kwenye sinia moja.

Askari waliolinda lango walipiga risasi hewani wakaingia. Walimwokoa, kama kuokoa ni neno lake. Walimfunga viwiko vyote viwili nyuma ya mgongo kwa kamba, vikagusana, mpaka kifua chake kikatokeza mbele kama cha kuku. Staili hiyo waliiita kandoya. Wakamtupa kwenye saruji mbele ya ofisi, na hapo tukamngoja afande wao.

Afande alikuwa amekulia Uganda, mrefu, macho mekundu ya kukosa usingizi. Juzi yake tu gari lake lilikuwa limeshambuliwa juu ya Nyundo, na alikuwa amewazika vijana wake. Aliuangalia mwili, akauangalia mkono, kisha akaja kusimama juu ya mtu aliyefungwa.

"Nani alikuwa na hicho kisanduku?"

"Ni mimi, afande."

"Na mkono ukashuka."

"Ukashuka, afande. Lakini sikubonyeza."

"Kwa hiyo chuma kimeamua chenyewe." Alimpiga teke la mbavu, bila hasira, kama mtu anayejaribu ubovu wa gurudumu. Kisha akauliza, "Nani anayejua hii mashine?"

Watu wakanitazama. Nilijitokeza.

"Wewe mama. Niambie. Huu mkono unaweza kupiga mtu bila kuambiwa?"

Ningesema ndiyo. Lakini nilijua angeuliza kwa nini, na sikuwa na jibu, na jibu la kubuni lingemuua yule mtu haraka zaidi.

"Sijui bado, afande. Nipe nafasi niuchunguze."

Alitazama nje, upande wa ziwa. "Nina kazi Nyamyumba. Nikipita hapa kurudi, kabla jua halijazama, utaniambia. Kama mashine ni nzima, huyu naondoka naye." Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya kuondoka naye.

Nilibaki na mwenzangu mmoja tu wa kazi, fundi makanika wa makamo aliyevuka mpaka kila asubuhi kutoka Goma. Tulimwita Papa. Alikuwa mtu wa maneno machache na sigara nyingi. Tulibaki pia na askari wawili vijana, na mwendeshaji, ambaye walimburuta wakamkalisha ukutani ili waweze kutuangalia sote pamoja. Mwili ulikuwa umeshachukuliwa na watu wa msikiti. Wapakiaji walitolewa nje ya lango, na huko tuliwasikia.

"Mumufungue kidogo mikono," Papa aliwaambia askari. "Itakufa."

"We mzee, fanya kazi yako," mmoja alijibu.

Tukaanza. Kwanza nilizikagua nyaya, moja moja, kutoka kwenye kabati hadi begani, nikizipinda na kuzitikisa huku Papa akitazama mita. Waya unaopindishwa siku nzima kwa miaka huweza kukatika ndani huku nje ukionekana mzima. Hazikuwa zimekatika. Niliifungua mota ya bega. Brashi zake za kaboni zilikuwa zimelika lakini bado zilikuwa na maisha. Papa alizungusha gia kwa mkono, sikio lake limelala kwenye chuma kama daktari. "Gia iko muzuri," alisema. Damu ilikuwa imeingia kwenye mifereji ya bolti, na kila tulipogusa ilitupaka.

Kisha tukawasha umeme. Nilisimama nje ya uzio na kile kisanduku. Niliunyanyua mkono, nikaushusha, nikauzungusha, nikausimamisha pale pale ulipokuwa umesimama asubuhi. Ukatii. Niliuacha umesimama tukaungoja. Haukutikisika hata unywele.

Askari mmoja akacheka kwa pua. "Si mnaona? Mashine ni nzima."

Mwendeshaji aliinua uso. Jicho moja lilikuwa limefungika kabisa. Vidole vyake, nyuma ya mgongo, vilikuwa vimebadilika rangi kuwa kama bilinganya.

"Dada," alisema, "jana alasiri mukono ulitikisika. Kidogo hivi. Nilifikiri ni mukanda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ukaacha wenyewe. Nikasema nitakuambia leo."

Nami nilikuwa nikimtazama na kujiuliza. Sina sababu ya kuficha: niliwaza juu ya kaka yake. Niliwaza jinsi ilivyo rahisi kubonyeza kitufe kimoja. Watu wa nchi ile wakati ule tulitazamana hivyo, hata tuliokula pamoja. Lakini neno lake la alasiri lilinikaa. Alasiri kiwandani ni joto, mabati yamechoma kutwa nzima. Na asubuhi ile mkono ulikuwa umeanza kazi mapema sana, kwa sababu lori lilichelewa siku iliyotangulia na paleti zilikuwa zimerundikana. Ulikuwa umefanya kazi mfululizo, umepata moto, kabla haujaua. Sasa tulikuwa tunaupima ukiwa umepoa.

Nilifungua mlango wa kabati nikaweka kiganja mbele ya feni ya kupoozea. Hakukuwa na upepo. Niliing'oa. Vumbi la sabuni lilikuwa limegandamana kwenye mapanga yake kama uji uliokauka.

"Papa," nikasema, "tatizo si la mkono. Ni humu ndani."

Ndani ya kabati kila mota ilikuwa na kadi yake ya umeme, bamba la ukubwa wa daftari lililojaa vidude, na kazi ya kadi ni kuisukuma mota. Nyuma ya mota nako kuna kifaa kidogo kinachopima mwendo na kuiambia kadi: sasa ninazunguka kwa kasi hii. Hayo ni mazungumzo yasiyokoma. Hata mkono unaposimama, haujasimama kabisa. Uzito wake unauvuta chini kwa kiasi ambacho jicho halioni, na kadi inaurudisha, tena na tena. Lakini kadi ikipoteza usikivu, itaisukuma mota na haitasikia kwamba mota imeshazunguka. Itasukuma zaidi. Itasukuma mpaka mwisho wa nguvu zake, na mtu aliye chini hatapata hata nafasi ya kuinua kichwa.

Kadi ya bega na kadi ya kiwiko zilikuwa za aina moja. Nilizichomoa nikazibadilisha, ya bega nikaiweka penye kiwiko, ya kiwiko nikaiweka penye bega. Kama ugonjwa ungehamia kwenye kiwiko, basi mgonjwa ni kadi. Kama ungebaki begani, basi tulikuwa tumekosea, na ugonjwa uko kwenye mota au mahali ambapo tusingepafikia kabla ya jua kuzama.

"Na joto?" Papa aliuliza. "Tutapata wapi joto?"

Nilimwomba askari mmoja aende na dereva hadi kwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliyekuwa na saluni karibu na soko. Alikataa. Nikamwambia, "Afande wako ameniuliza swali. Ukitaka, wewe ndiye utamjibu." Akaenda. Alirudi akiwa ameishika mashine ya kukaushia nywele, ya rangi ya waridi, mbali na mwili wake kama aliyeshika nyoka.

Niliielekeza kwenye kadi ile iliyotoka begani. Papa aliendesha mkono, juu na chini, huku mimi nikipuliza hewa ya moto mpaka plastiki ikaanza kunuka. Hakikutokea kitu. Jua lilikuwa linaegemea upande wa Kongo. Mwendeshaji alikuwa ameacha kuzungumza. Aliomba kwa Kinyarwanda, midomo yake ikienda bila sauti.

Kisha kiwiko kikatikisika. Mara moja tu, mtikisiko mdogo, kama mtu anayeshtuka usingizini.

"Umeona?" nikasema.

"Nimeona," Papa alijibu, sigara imemzimikia mdomoni.

Tulisikia gari la afande langoni.

Aliingia akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Jitu la wapakiaji lilipenya nyuma yake, na hakuna aliyelizuia. Nilimweleza afande niliyoyapata. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ni maneno," akasema. "Unaweza kunionyesha?"

"Ndiyo, afande. Lakini ni hatari. Nataka mtu asimame kwenye swichi kubwa, na mwingine kwenye kitufe chekundu."

"Hapana. Mtu akisimama kwenye swichi nitajuaje kama si yeye?" Aligeuka. "Weka hicho kisanduku chini. Kila mtu mikono juu. Nataka kuona mikono yote."

Tukainua mikono. Mimi, Papa, wale askari walioegemeza bunduki mabegani, hata lile jitu. Mwendeshaji peke yake hakuweza. Afande akamwinua kwa ukosi akamsimamisha mbele ya uzio, uso wake ukiwa karibu na wavu, ili asikose kuona. Nilikuwa nimeacha mashine ya nywele ikiwa imefungwa kwa waya ndani ya kabati, ikipuliza. Mkono ulikuwa umesimama juu ya paleti tupu.

Tulisimama hivyo, tumejisalimisha sote kwa kitu kile, na sauti pekee ilikuwa ya upepo wa saluni. Mabega yaliniuma. Niliona jitu likianza kutabasamu tabasamu baya.

Kiwiko kikaruka.

Hakikushuka kama asubuhi. Kilifyatuka kwenda mbele, kwa nguvu yote, kikapiga uzio na kuutupa ndani ya chumba kama pazia. Afande alimvuta mwendeshaji nyuma kwa ukosi uleule aliokuwa amemshikia, wote wawili wakaanguka. Mkono ukarudi nyuma, ukapiga nguzo ya paa, mabati yakalia, ukarudi tena mbele. Askari mmoja kijana alichanganyikiwa, akaelekeza bunduki yake akaufyatulia mkono mfululizo. Risasi ziligonga chuma zikaruka huku na huko. Nililala kifudifudi kwenye saruji nikiwa nimefunika masikio, na vipande vya rangi ya chungwa vikinidondokea shingoni. Kati ya milio nilimwona Papa akikimbia ameinama kuelekea swichi kubwa. Aliivuta chini kwa mikono miwili. Mkono ukafa umenyooka, na Papa akakaa chini polepole, ameshika shavu la mguu.

"Nimepigwa," alisema kwa mshangao. "Merde. Mi nimepigwa."

Afande aliinuka, akamnyang'anya askari yule bunduki, akampiga kitako chake usoni. Kisha akasimama akihema, akiutazama ule mkono. Nilimfunga Papa mguu kwa skafu yangu. Risasi ilikuwa imepita kwenye nyama bila kugusa mfupa.

"Nionyeshe," afande aliniambia.

Niliichomoa kadi ikiwa bado ya moto ikaniunguza vidole. Niliigeuza upande wa nyuma, nikampa kioo changu cha kukuzia. Pale ambapo waya wa kipima mwendo unaingia kwenye kadi kuna tone la lehemu, si kubwa kuliko punje ya ulezi, na kulizunguka tone lile kulikuwa na ufa mwembamba, duara kamili. Kadi ikiwa baridi, ufa unagusana. Ikipata moto, unaachana.

Alitazama muda mrefu. "Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu, afande."

Akampa jitu la wapakiaji kioo. Likaitazama kadi, nadhani halikuona kitu, maana machozi yalikuwa yanalitoka. Liliirudisha kadi mkononi mwangu kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kuvunjika, likatoka nje.

"Mufungueni," afande alisema.

Ilibidi wakate kamba kwa kisu, maana nyama ilikuwa imevimba ikaifunika. Mikono ya mwendeshaji ilianguka mbele yake ikaning'inia. Ndipo alipopiga yowe. Tangu asubuhi, katika kupigwa kote kule, sikuwa nimemsikia akilia hivyo. Afande hakumwomba radhi, wala hakuna aliyetarajia. Alimpakia kwenye gari lake pamoja na Papa, mimi nikapanda nao, na alipopita langoni alisimama, akawaambia wapakiaji waliokuwa wameshika mawe: "Mashine ilikuwa mbovu. Atakayemgusa huyu, nitamfuata mimi mwenyewe." Wakatupisha. Jiwe moja lilipiga ubavu wa gari hata hivyo, na dereva hakusimama.

Papa alikaa hospitalini muda mfupi akarudi Goma na fimbo. Mwendeshaji alikaa zaidi. Mbavu zilipona na jicho likafunguka, lakini mikono haikupona. Kamba ilikuwa imeua mishipa inayobeba hisia na nguvu kutoka kwenye kiwiko kwenda chini. Aliweza kuinua mikono yake, lakini viganja vilining'inia na vidole havikukunja. Mke wake alimfunga vifungo vya shati. Mara ya kwanza nilipokwenda kumwona Nyundo aliniambia, "Dada, umeniokoa," nikaangalia pembeni, kwa sababu alikuwa anajaribu kuushika mkono wangu na hawezi.

Mwenye kiwanda hakuutengeneza tena mkono ule. Wapakiaji waliurudia mzigo kwa mabega yao, na nguzo ile ya paa ilibaki imepinda.

Siku arobaini zilipofika, mjane alituma ujumbe. Alitaka mwendeshaji aje kwenye hitima. Ndugu wa marehemu walipinga. Mwendeshaji naye aliogopa, akaniomba tuende pamoja, na tuliondoka Nyundo na lori la askari asubuhi kwa sababu barabara bado ilikuwa mbaya.

Nyumba ilijaa watu. Wanaume walikuwa sebuleni kwenye mikeka, wanawake chumba cha ndani, lakini mjane alikuja mwenyewe mlangoni akatupokea. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Alitukaribisha tukae karibu na pazia lililotenga vyumba viwili. Dua ilipokwisha, sinia za pilau zikaletwa. Watu wakanawa. Mwendeshaji hakunawa. Aliketi, viganja vyake vimelala mapajani, akisema ameshiba, ametoka kula nyumbani.

"Umekula nini?" mjane alimwuliza.

Akaviangalia viganja vyake.

"Mtu hatoki kwangu bila kula. Mume wangu angenifukuza." Akaketi mbele yake, mbele ya wanaume wote, akakunja mkono wa nguo yake. Akafinyanga tonge la pilau, akalichambulia nyama isiyo na mfupa, akampelekea mdomoni.

Mwendeshaji alilitazama tonge lile. Akafungua kinywa, akala. Mjane akafinyanga jingine. Chumba kizima kilikuwa kimeacha kula. Upande wa pili wa mkeka jitu lililomkoromea mwenye nyumba darini liliinuka ghafla, likakanyaga sinia ya watu, likatoka. Tulilisikia uani likitapika.

"Mama," mwendeshaji alisema, chakula kingali mdomoni, "mi sikugusa."

"Najua. Nimeambiwa ni kitu kama punje ya ulezi." Alimpangusa kidevu kwa kidole gumba. "Sikukuita kwa hilo. Nimekuita uniambie. Wewe ulikuwa karibu naye. Mimi nimeletewa sanda imeshafungwa. Alisema nini?"

Nami nilikuwa pale asubuhi ile, nyuma ya kabati, na nisingeweza kumjibu.

"Alikuwa anacheka," mwendeshaji alisema. "Miche ilikuwa imetawanyika. Alisema, tazama, hata sabuni za hapa zinakimbia kwenda Kongo."

Mjane aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipoinua uso, na hata hapo sikuwa na hakika. Kisha akaurudisha mkono kwenye sinia, akaendelea kumlisha, tonge baada ya tonge, hadi dereva wa lori alipopiga honi nje na ikabidi tuondoke.